Nani Amekuwa Jirani? Historia ya Ujirani Mang'ola

Mang'ola iko chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Eyasi. Mvua ni chache, vumbi ni jingi, na ziwa lenyewe ni la magadi, halinywesheki na halimwagilii. Uhai wa hapa unatoka chini ya ardhi. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Ngorongoro inazama, inapita katika miamba na kuibuka huku chini kama chemchemi, Qangded ikiwa mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi. Penye maji hapakosi watu, na watu wa Mang'ola wametoka pande zote.

Siku ya mnada, kwenye uwanja mmoja, sikio linaweza kukutana na lugha za asili nne tofauti. Kuna Kihadza, lugha yenye sauti za kidoko ambayo wataalamu hawajaithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Kuna Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti. Kuna Kiiraqw cha Wambulu, cha jamii ya Kikushi. Na kuna Kinyisanzu, Kinyiramba, Kisukuma na lugha nyingine za Kibantu. Barani Afrika ni mahali pachache sana ambapo koo nne za lugha namna hii zinagawana bonde moja, njia moja na kisima kimoja. Zote zinakutana katika Kiswahili, lugha ya soko, ya shule na ya ibada.

Kanisani, kwa Kiswahili hicho hicho, wakazi wa Mang'ola wamehubiriwa mara nyingi amri ya kumpenda jirani. Neno la Kigiriki lililomo ndani ya amri hiyo lilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika Eyasi. Anayeifahamu safari hiyo ataisoma historia ya Mang'ola kwa jicho jingine.

Neno lililosafiri

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, huko Alexandria nchini Misri, waliishi Wayahudi wengi ambao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kigiriki. Kwa ajili yao Torati ilianza kutafsiriwa kutoka Kiebrania. Watafsiri walipofika Mambo ya Walawi sura ya 19, penye amri ya kumpenda mwenzako, walikuta neno la Kiebrania *rea*, lenye maana ya mwenzi, rafiki, mtu wa karibu. Wakaliwekea neno *plesion*.

Kwa asili *plesion* ni kielezi. Maana yake ni karibu, pembeni, hapa jirani. Injili ya Yohana inalitumia hivyo katika sura ya 4, inapotaja mji wa Samaria uliokuwa karibu na shamba ambalo Yakobo alimpa mwanawe Yusufu. Lakini Wagiriki walizoea kuliwekea kibainishi na kulifanya jina la mtu: yule wa karibu. Katika Agano Jipya neno hilo limo mara 17, na karibu kila mara linamhusu mtu, mara nyingi katika amri ile ile ya kale ambayo Yesu, Paulo na Yakobo waliirudia.

Kigiriki kilikuwa na maneno mengine ya ujirani, na kila moja lilikuwa na kazi yake. *Geiton* ni jirani wa nyumba, yule anayeitwa kusherehekea kondoo aliyepotea akapatikana. *Perioikoi* ni wakazi wa kandokando, wale waliokwenda kufurahi na Elisabeti alipojifungua Yohana. *Paroikos* ni mgeni anayeishi kando ya wenyeji bila kuwa na haki zao. Kutokana na neno hili la mwisho, kwa njia ya Kilatini, tumepata neno parokia. Mkristo anayesema anakwenda parokiani anatamka, bila kujua, neno lililokuwa na maana ya makazi ya wageni. Kwa Mang'ola, ambako watu wengi au wazazi wao walitoka kwingine, hakuna jina linalofaa zaidi.

Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili, tangu siku za Askofu Edward Steere wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1882 hadi Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, walikuwa na neno jirani mkononi tayari. Neno hilo pwani ililipata kutoka Kiarabu, na Mswahili akilisikia humfikiria kwanza mtu wa nyumba ya pili. Hiyo ni maana ya *geiton*. Amri ya Torati ilikuwa na upana mwingine, na kuhusu upana huo lilizuka swali maarufu kuliko yote juu ya ujirani.

Swali la mwanasheria

Luka, katika sura ya 10, anamtaja mwanasheria aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani. Lilikuwa swali la kisheria hasa. Mambo ya Walawi inamtaja jirani sambamba na wana wa taifa, kisha mistari michache baadaye inaamuru mgeni naye apendwe. Mpaka wa amri unapita wapi? Mwanasheria alitaka kuonyeshwa mpaka huo, ili ajue nani yumo na nani hayumo.

Yesu alimjibu kwa kisa. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kilomita zisizofika 30, lakini inateremka zaidi ya mita 1,000, kutoka milimani hadi kwenye bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Ilikuwa njia ya mawe, kona na wanyang'anyi. Mtu mmoja alipigwa huko, akavuliwa nguo na kuachwa karibu ya kufa. Kuhani akapita, Mlawi akapita, kisha akaja Msamaria. Kwa wasikilizaji wale, neno Msamaria lilikuwa na uchungu wa vizazi. Zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, mtawala wa Kiyahudi Yohana Hirkano aliliharibu hekalu la Wasamaria lililokuwa kwenye mlima Gerizimu. Watu waliokuwa wanapakana walikuwa pia watu wasioshirikiana.

Msamaria yule alisimama. Alimfunga majeraha, akamwekea mafuta na divai, akampandisha mnyama wake na kumlipia nyumba ya wageni dinari mbili. Mwishoni Yesu alirudisha swali, ila hakulirudisha kama alivyolipokea. Hakuuliza nani anastahili kuitwa jirani. Aliuliza ni yupi kati ya wale watatu amekuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kitenzi alichokitumia Luka kina maana ya kuwa kitu ambacho awali hukuwa, kutukia, kugeuka. Kumbe ujirani unaanza siku mtu anapotenda, na kupakana peke yake hakutoshi. Mwanasheria hakuweza hata kulitaja jina la kabila; alijibu tu kwamba ni yule aliyemhurumia.

Swali hilo ndilo ninaloipimia historia ya Mang'ola: kati ya watu waliokutana kwenye chemchemi hizi, nani amekuwa jirani wa nani, na lini?

Wenyeji na Waisanzu

Hakuna kabila la leo linaloweza kudai umri wa makazi ya Eyasi. Karibu na ziwa kuna mwamba wa Mumba, ambao Margit Kohl-Larsen aliuchimba mwaka 1938 na Michael Mehlman akaufukua tena kuanzia mwaka 1977. Matabaka yake yana zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000, na shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Mwaka 1935 msafara wa Ludwig Kohl-Larsen, mumewe Margit, uliokota vipande vya fuvu la binadamu wa kale kandoni mwa ziwa. Watu wamekunywa maji ya bonde hili tangu zamani mno.

Kati ya makabila yaliyopo, Wahadzabe ndio ambao majirani wote wanakubali kuwa waliwatangulia. Ni watu wa upinde, fimbo ya kuchimbia mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali. Hawakuwa na mtemi, ghala wala zizi. Mnyama mkubwa akiuawa, nyama yake ni ya kambi nzima, na mwindaji hawezi kuikalia. Mwenye haja huomba, na mwenye kitu hutoa. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwaka 1958, aliwafanya kuwa mfano mkuu wa jamii ya watu walio sawa katika makala yake ya mwaka 1982, ambayo bado inasomwa vyuoni.

Wahadzabe huigawa historia yao katika enzi nne, kuanzia wakati wa watu wa kale wasiojua moto hadi wakati wa leo. Ndani ya masimulizi hayo kuna mgeni mmoja anayetajwa kwa wema: Mnyisanzu. Wanyisanzu, au Waisanzu, ni wakulima Wabantu wa kusini mwa ziwa. Katika simulizi moja, mtu aitwaye Indaya alikufa, akaenda nchi ya Isanzu, kisha akarudi na mila na vitu vipya kwa ajili ya watu wake. Katika nyingine, majitu yanayowaonea Wahadzabe yanashindwa kwa msaada wa Waisanzu.

Masimulizi hayo yana mizizi katika maisha. Wahadzabe na Waisanzu wameoana kwa vizazi. Wamebadilishana nyama na asali kwa nafaka, chuma na tumbaku. Njaa ilipowapata wakulima, pori la Wahadzabe lilikuwa na mizizi na ubuyu, na wenye njaa waliingia humo wakapokewa. Mazao yanapokauka, anayejua kula pori ndiye tajiri, na tajiri huyo hakuifungia njia. Hapo kale, kabla ya mhubiri yeyote kufika Eyasi, *plesion* alikwisha kuwapo.

Majina ya kupewa

Ujirani wa aina nyingine unaonekana katika majina. Wahadzabe kwa muda mrefu waliitwa na wengine Watindiga au Wakindiga, na inaelezwa kwamba jina hilo linatokana na tindiga, majani ya majimajini, kwa sababu ya kinamasi cha chemchemi kubwa ya Mang'ola. Wairaqw waliitwa Wambulu. Wadatoga walipata jina zito kuliko yote: Mang'ati, kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Watu wamelizoea kiasi kwamba wanalitamka bila chuki, lakini mwanzo wake ulikuwa vita.

Wadatoga waliwahi kuishi Ngorongoro wakichunga kwenye bonde la kreta. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwashinda na kuwasukuma kusini, kuelekea Eyasi, Mbulu na Hanang. Ndani ya kreta kuna makaburi ambayo Wadatoga bado wanayaheshimu na kuyazuru, kwenye ardhi ambayo kwa sasa iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro iliyoundwa mwaka 1959. Walipofika kandoni mwa Eyasi wakiwa wameshindwa, walikuta Wahadzabe, na ng'ombe wakaingia kwenye maji ya swala.

Haikupita miaka mingi mshindi naye akaanguka. Sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1890. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwezi Machi 1892 na kuendelea hadi Eyasi, aliandika juu ya Wamaasai waliobaki mifupa, wakirandaranda kuzunguka kambi yake wakitafuta chochote cha kula. Wafugaji waliokuwa wanaogopwa na kila mtu walilala kando ya njia kama yule mtu wa barabara ya Yeriko. Wengine walisalimika kwa kukimbilia kwa wakulima, hata kwa watu waliokuwa wakiwapora ng'ombe. Vita havikufuta uwezekano wa mtu kuwa jirani siku adui alipodondoka.

Na baina ya Mdatoga na Mhadzabe, palipokuwa na hofu na ugomvi wa maji, palikuwa pia na mhunzi. Kazi yake inaonekana hadi leo katika maboma kadhaa karibu na Mang'ola. Anakaa chini kando ya shimo la makaa. Mwenzake anabonyeza mifuko miwili ya ngozi kwa zamu, kushoto, kulia, na upepo unaingia kwenye makaa kwa mrija wa udongo. Chuma chake ni misumari, nondo na vyuma chakavu. Shaba ya bangili hutoka kwenye kufuli na koki za maji zilizoharibika. Msumari ukishawiva anaugonga juu ya kipande cha chuma kilichozikwa nusu ardhini, anaubapisha, anauchonga ncha, anaukunja shina la kuingia kwenye mshale, kisha anauzamisha majini. Mhadzabe ana upinde na ana sumu ya mimea, ila hafui chuma kwa moto. Anachukua ncha za mishale na kulipa kwa asali, ngozi au nyama.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wahunzi hao, wa ukoo wa Gidang'odiga, wametengwa na Wadatoga wenzao. Kwa desturi hawaoani na wafugaji, na kazi yao ya moto inaogopwa. Aliyetengwa na watu wake ndiye aliyejenga biashara ya kudumu na watu wa porini. Kama kuna mahali Eyasi panapofanana na kisa cha Luka, ni kwenye makaa hayo.

Wageni wenye madaftari

Karne ya 20 ilileta watu wengine. Mjerumani Erich Obst aliishi wiki kadhaa na Wahadzabe mwaka 1911 na kuchapisha habari zao mwaka uliofuata. Dorothea Bleek, mtaalamu wa lugha za Wasani wa kusini mwa Afrika, alifika mwaka 1930 kusikiliza sauti zile za kidoko. Kohl-Larsen, katika misafara yake ya miaka ya 1930, alikusanya ngano nyingi mno za Wahadzabe, na bila yeye baadhi yake zingekuwa zimesahaulika.

Walioitazama Mang'ola kama kijiji cha majirani ni Wajapani. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, watafiti wa msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya kazi hapa. Tomikawa Morimichi alijifunza maisha ya Wadatoga kwa miaka mingi. Umesao Tadao aliishi hapa na baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia ya Japani. Mwenzao, Ishige Naomichi, alichapisha mwaka 1969 makala kuhusu jambo ambalo wengine walilipita bila kuliona: namna watu wa makabila mbalimbali, wakikaa pamoja kijijini, walivyokuwa wanageuka kuwa Waswahili.

Alichokiona ni cha kawaida kwa Mtanzania, na pengine ndiyo sababu hatukukiandika sisi. Mnyiramba, Msukuma, Mnyisanzu na Mmbulu wamejenga nyumba zinazofuatana. Watoto wanacheza kwa lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yao. Msiba ukitokea, wa karibu ndio wanaochimba kaburi, kuchota maji na kulala na wafiwa, kwa kuwa ndugu wa damu wako mbali, safari ya siku mbili. Huu ni ujirani wa *geiton*, wa ukuta kwa ukuta, lakini msibani unavuka na kuwa *plesion*. Kiswahili kiliwapa *paroikoi* hawa mahali pa kusimama kama wenyeji.

Vijiji, ngano na malisho

Baada ya uhuru, serikali changa ilitaka Wahadzabe wapate shule, dawa na kilimo kama raia wengine. Nia ilikuwa njema. Mwaka 1964 na 1965 watu walihamishwa kutoka porini na kupelekwa kwenye vijiji, Yaeda Chini kikiwa kikubwa. Wakisongamana mahali pamoja, wakila chakula wasichokizoea, wengi waliugua na baadhi wakafa. Baada ya muda mfupi walio wengi walirudi porini. Mpango huo ulimchukulia Mhadzabe kama mtu anayepaswa kuletwa karibu, na haukumwuliza lolote. Msamaria alimkaribia mtu pale alipokuwa amelala.

Miaka michache baadaye dhiki nyingine iliandaliwa Hanang. Kuanzia karibu mwaka 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba ya ngano kwenye nyanda za Basotu. Takriban ekari 100,000 zilichukuliwa, tena zilizo bora, kutoka malisho ya Wabarabaig, ambao ni tawi kubwa la Wadatoga. Matrekta yalipita hata juu ya *bung'eda*, makaburi ya heshima ya wazee yanayojengwa kama vilima kwa sherehe ya miezi mingi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Mfugaji aliyefukuzwa hakai hewani. Familia nyingi zilisogea na mifugo yao kuelekea Yaeda na Eyasi, nchi ambayo ndorobo na ukame vilikuwa vimewaachia Wahadzabe. Ng'ombe walikula majani ya swala na pofu, miti ikakatwa kwa maboma, na wanyama wakahama. Hivyo aliyeporwa Hanang akawa mzigo kwa mtu mnyonge kuliko yeye. Kisa cha Luka hakituelezi ilikuwaje kama majeruhi mwenyewe angeamka na kumwangukia aliye chini yake. Eyasi inatueleza, na kwa sababu hiyo hakuna haki ya kuwalaumu Wadatoga peke yao. Waliochora mashamba ya ngano kwenye ramani hawakuwa Eyasi kuona mwisho wa kazi yao.

Zamu ya maji

Mang'ola ya sasa inajulikana kwa kitunguu. Kitunguu chekundu cha hapa kinauzwa Arusha, Dar es Salaam na kuvuka mpaka hadi Nairobi, na jina la Mang'ola limekuwa jina la mbegu. Mbegu husiwa kwenye kitalu. Baada ya wiki sita hivi miche hupandikizwa kwenye majaruba, na miezi ipatayo minne baadaye shina hulala na kitunguu kiko tayari kung'olewa. Kazi hiyo inaita vibarua kutoka Singida, Mbulu, Kondoa na kwingineko, na wengi huja kwa msimu mmoja wakabaki maisha yote.

Yote hayo yanaendeshwa na mfereji. Zamu ya mtu ikifika, anazibua mdomo wa jaruba lake kwa jembe, anaziba mfereji mkuu kwa udongo, mawe na gunia, na maji yanageuka. Zamu ikiisha anabomoa kizuizi na kumwachia wa chini yake. Hakuna mashine inayomlazimisha. Kuna kamati ya maji, kuna faini, kuna kelele, lakini usiku wa manane kwenye mfereji kuna mtu na jembe lake tu, na wa chini hana uwezo wa kuona huku juu. Akiiba saa moja, miche ya mwenzake inanyauka. Akiwa mwaminifu, mtu asiyemjua jina anavuna. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jirani, na sijapata kuona mahali panapoifafanua amri hiyo waziwazi kama mfereji wa maji wakati wa kiangazi.

Ila mfereji una mwisho, na baada ya mwisho wake wapo wengine. Wapo wafugaji wanaohitaji njia ya kufikisha ng'ombe majini bila kukanyaga vitunguu. Wapo Wahadzabe ambao pori lao linapungua kila shamba jipya linapolimwa na kila mkaa unapochomwa. Watalii huwazuru alfajiri, hupiga picha, hununua mishale na shanga, kisha huondoka. Fedha inasaidia, lakini asali haipatikani kwenye mbuyu uliokatwa.

Hati ya mwaka 2011

Mwaka 2011 kilitokea kitu kilichoonyesha kwamba historia hii inaweza kugeuka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, kusini mwa Mang'ola, walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jamii nzima. Sheria hiyo ilikuwa imezoeleka kwa mashamba ya mtu mmoja mmoja. Hapa ilitumika kulinda pori la watu wasio na jembe, takriban hekta 20,000. Shirika la Ujamaa Community Resource Team ndilo lililofanya kazi ya miaka mingi kuwaunganisha wahusika, na mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa juhudi za hati za aina hiyo. Baadaye pori hilo limeanza kuwaingizia wenyewe mapato kwa njia ya biashara ya kaboni, kwa sababu halikukatwa.

Kilichofanya hati hiyo iwezekane ni vikao. Hati ya kijiji haitoki bila majirani kukubali mipaka. Wafugaji na wakulima wa vijiji vinavyopakana walikaa chini ya miti na Wahadzabe, wakabishana kuhusu mabonde, visima na njia za mifugo, hatimaye wakakubaliana wapi ng'ombe wasiingie na wapi jembe lisifike. Mwanasheria wa Luka alitaka mpaka ili ajue nani si wake. Watu wa Yaeda waliweka mpaka ili mnyonge apate pa kuishi. Mpaka wa namna hiyo ni tendo la ujirani.

Kwa upande wa Mang'ola kazi hiyo haijaisha, na wenye uwezo wa kuifanya wapo. Mabaraza ya vijiji yapo, sheria ipo, na ramani inaweza kuchorwa. Mkulima wa Qangded ajue mwisho wa shamba lake, na mwenye ng'ombe apewe njia yake ya maji ili asilazimike kuitafuta kwa fimbo. Pori lililobaki kwa Wahadzabe liandikwe kwa jina lao kabla halijaisha, kwa kikao wanachokaa wao wenyewe na kusema wenyewe. Wao ndio waliowapokea wenye njaa pale ambapo wengine hawakuwa na cha kutoa. Miaka mingi tumewaita majirani kwa sababu tunapakana nao. Sasa ni zamu yetu kuwa majirani zao.